Uso wa Muuza Viatu

Watu wakiniuliza kazi yangu nikajibu kwamba nasawazisha rangi za filamu, hunitazama kana kwamba nimesema napiga pasi mawingu. Filamu si inapigwa, inahaririwa, inaonyeshwa, kisha watu wanakwenda zao nyumbani? Rangi imeingiaje hapo? Nimechoka kueleza. Nitaeleza mara hii tu, maana bila hivyo hutaelewa kwa nini uso wa mwanamke mmoja ulikaribia kuniachisha kazi.

Kamera haina adabu. Ukimpiga mtu picha asubuhi karibu na dirisha, anatoka na ubuluu kama aliyeopolewa mtoni. Ukimpiga mchana huo huo chini ya balbu, anatoka wa manjano, mgonjwa wa ini. Sasa katika filamu mtu huyo anaanza sentensi akiwa dirishani na kuimaliza akiwa chini ya balbu, na watazamaji wanataka aianze na aimalize akiwa na ngozi moja. Hapo ndipo ninapoitwa. Nakaa katika chumba kilichopakwa kijivu kuta zote, ili ukuta usinidanganye, mbele yangu skrini, na chini ya mikono yangu meza yenye vigurudumu vitatu. Kimoja ni cha sehemu za giza, kimoja cha sehemu za mwanga, na kimoja cha katikati, ambako ngozi nyingi hukaa.

Siku zote naanza na ngozi. Gauni likigeuka rangi kidogo, nani anajua lilikuwaje dukani? Ukuta ukigeuka, shauri yake. Lakini ngozi kila mtu anaijua tangu ananyonya. Ukiikosea, hata asiyejua chochote atamgeukia mwenzake amuulize, "Huyu naye ana nini?" Akishauliza hivyo, filamu imekufa na mimi nimekufa nayo. Wenzangu wa kazi wananiita Jicho. Huwa najifanya jina hilo linaniudhi, lakini uongo mtupu, nalipenda kupita kiasi.

Filamu yenyewe ilikuwa ya mwongozaji tunayemwita Kata. Neno hilo limemkaa mdomoni kiasi kwamba hata kwenye mazungumzo ya simu, ukirefusha habari, anasema "Kata!" na unajikuta umenyamaza kweli. Filamu yake ilimhusu mwanamke mwenye duka la viatu, mkali kama pilipili, anayegombana na kila mteja mpaka anatokea mmoja wa kumtuliza. Mwigizaji mkuu alikuwa dada mmoja maarufu, ambaye uso wake ulikuwa tayari umeshabandikwa kwenye matangazo kila ukuta. Kata aliniletea kazi hiyo akiwa mnyenyekevu kupita kawaida yake. Aliniambia, "Dada, fanya unavyojua wewe. Mimi sina neno." Kata asiye na neno! Ningekuwa na akili siku ile ningeshtuka pale pale.

Niliifanya sehemu ya mwanzo, ya dukani, vizuri tu. Kisha nikafika jikoni, na jikoni ndiko yaliponikuta. Muuza viatu amekorofishana na yule mteja wake, anaosha vyombo huku analia. Anaonekana kwanza kwa mbali, kisha inaungwa picha nyingine, ya uso kwa karibu. Gauni ni lile lile, balbu ile ile, beseni lile lile la bluu. Nilichagua picha ya dukani iliyonipendeza kuwa kielelezo, nikaiweka kando ya skrini kama ilivyo desturi, nikaanza kulinganisha. Ukuta ukakubali. Beseni likakubali. Vikombe vikakubali kimoja kimoja. Uso ukakataa.

Haikuwa tofauti kubwa. Kwa mbali yule dada alikuwa na wekundu fulani wa chini kwa chini, kama udongo wa tofali. Ikija picha ya karibu, wekundu unahama, unakuja umanjano wa asali. Nikasukuma kigurudumu huku, nikavuta kule, nikapata, nikashusha pumzi. Picha iliyofuata, uso ukapotoka tena. Kompyuta ina kipimo chake, duara lenye mstari mmoja, na ngozi za watu wote wa dunia hii, kuanzia mweusi tii hadi mweupe pe, huangukia karibu na mstari huo. Nikatazama kipimo. Kipimo kikasema zote mbili ziko mstarini, tofauti yake ni ya kupuuza. Mimi nikitazama, naona usiku na mchana.

Nilianza kwa kuilaumu skrini, nikaazima nyingine. Uso ukakataa. Nikamlaumu fundi umeme kwa kuweka taa mbovu chumbani, tukarushiana maneno mpaka akaondoka na ngazi yake bila kuniaga. Nikamkataza mama wa usafi kuingia na ile blauzi yake ya rangi ya chungwa, eti inatupa mwanga kwenye skrini. Mama wa watu akawa anaingia na shuka la kijivu mabegani, anafagia huku ananisonya. Uso bado ukakataa, na sikuwa na mtu mwingine wa kumlaumu isipokuwa macho yangu mwenyewe.

Hapo niliogopa. Nasema kweli, niliogopa mpaka chakula kikanishinda, kwa sababu hayo niliyaona kwa baba.

Baba alikuwa mpaka rangi wa magari. Gari likigongwa ubavuni, yeye ndiye aliyechanganya rangi mpaka kiraka kikapotea, bila kipimo wala nini, kwa jicho tu. Mimi rangi nimejifunzia kwenye makopo yake, nikiwa na umri wa kukoroga. Halafu siku moja alimrudishia mtu gari lake la kijani likiwa na mlango mmoja wa kijani kingine. Mwenye gari alidhani ni mzaha, akacheka, akamngoja baba naye acheke. Baba hakucheka, maana hakuona cha kuchekesha. Alikuwa na mtoto wa jicho, ameshakomaa, na hata alipofanyiwa upasuaji jicho halikurudi lilivyokuwa. Leo anaona mwanga na vivuli vya watu. Tangu siku ile ya mlango hakushika tena bomba la rangi.

Nilikwenda kwa daktari wa macho kwa siri. Akanipa kitabu cha madoa ya rangi nisome namba zilizojificha ndani yake, nikazisoma zote. Akasema macho yangu ni mazima, labda nimechoka, nipumzike. Sikumwamini. Kitabu chake kina nyekundu ya nyanya na kijani cha majani, na mimi kilichokuwa kinanipotea kilikuwa kati ya tofali na asali. Kata naye akawa anapiga simu kila mara. "Jikoni vipi, dada? Umeona tatizo lolote?" Nami najibu, "Tatizo gani? Hakuna tatizo," na sauti yangu inatoka tamu kama ya mtu anayeficha kitu, maana ndicho nilichokuwa nafanya. Nikijibu hivyo, yeye anashusha pumzi ndefu. Nilidhani ananihurumia.

Nikaapa moyoni kwamba jikoni pakinishinda, nitafunga chumba nimpe Kata kazi yake atafute mwingine. Sikutaka mtu aje kucheka mbele yangu akisubiri nami nicheke.

Nilimwambia baba mchana mmoja tukila. Sikukusudia. Alikuwa ameweka redio sikioni anasikiliza mpira, na mimi nilikuwa nageuza geuza chakula, akasema bila kunigeukia, "Kijiko chako kinazunguka tu sahanini. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sema."

Nikasema yote. Nikamwambia na kile kiapo cha kuacha kazi. Nilitarajia anishike mkono, labda anibembeleze kidogo, maana kwa umri wowote mtoto kwa baba ni mtoto. Baba akacheka.

"Unanicheka, baba?"

"Nisikucheke kwa nini? Unasema unaugua ugonjwa wangu, na huujui hata unavyouma." Akapunguza sauti ya redio kidogo, kidogo tu, mpira usimpite. "Siku ile ya mlango wa kijani, unadhani mimi niliona nini?"

"Uliona vibaya."

"Sikuona kitu! Nililiona gari zima kijani kimoja, zuri, linang'aa. Nikajisifu. Mwenyewe ndiye aliyeona mbili. Ningeziona mbili mimi, si ningepaka upya? Hebu nisogezee chumvi. Goli hilo! Umenikosesha goli."

Nilimsogezea chumvi, lakini akili haikuwepo tena mezani. Jicho la baba lilipokufa, vitu viwili viligeuka kimoja. Langu lilikuwa linafanya kinyume chake: lilikuwa linakata kitu kimoja kuwa viwili na halibadili kauli, nibadilishe skrini, nibadilishe taa. Sijawahi kusikia jicho lililougua likazidisha kazi. Niliacha chakula pale pale. Baba akapaza sauti nyuma yangu kwamba kama siipendi ile sahani, yeye anaipenda.

Chumbani nilifanya jambo ambalo mtu wa kazi yangu hafanyi. Sisi tumefundishwa kulinganisha, kufuta tofauti kabla haijajulikana imetoka wapi. Siku hiyo niliondoa marekebisho yangu yote, nikarudisha picha zilivyotoka kwenye kamera, nikaanza kuzitenga kama mtu anayechambua mchele. Za tofali huku, za asali kule. Filamu nzima. Nilipomaliza nilikuwa na mafungu mawili, na hakuna picha hata moja iliyosita katikati.

Kisha nikatazama fungu la asali peke yake, nikisogeza picha karibu. Kwenye mkono wa kushoto, chini ya poda, palikuwa na ukanda mwembamba uliofifia kuliko ngozi nyingine, alama ya mtu anayevaa saa juani kila siku. Nikarudi kwenye tofali. Mkono wake ni wa rangi moja tangu kiwiko hadi vidole, hauna alama yoyote. Nikatazama masikio. Tofali ametoga tundu mbili kila sikio. Asali ametoga moja.

Nilipiga kelele mle ndani mpaka mama wa usafi akaja mbio na shuka lake. Nikamkumbatia. Nikamwambia avae blauzi yake ya chungwa kesho, keshokutwa na milele. Akaniuliza kama nimeitiwa daktari.

Kisha nikampigia Kata simu. "Njoo. Sasa hivi."

Alikuja amevaa kofia yake ya kazi, anatabasamu upande mmoja wa mdomo. Sikumkaribisha kiti. Nikaweka kwenye skrini nyuso mbili, ya tofali na ya asali, bega kwa bega.

"Kata, hawa ni wangapi?"

Alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. "Wangapi vipi, dada? Si huyo huyo..."

"Wangapi?"

Kofia ikavuliwa. "Wawili," akasema.

Akamwaga yote. Mwigizaji wake alianguka kwenye ile ngazi ya dukani anayopandia kushusha maboksi ya viatu, akavunjika kifundo cha mguu wa kulia, na nusu ya filamu bado haijapigwa. Mwenye pesa za filamu angesikia, angeifunga siku hiyo hiyo. Lakini yule dada alizaliwa pacha. Yeye ni Kurwa, na Doto wake ni mwalimu wa michezo, mtu wa kushinda uwanjani na filimbi shingoni, ambaye hajawahi kuigiza hata kuumwa tumbo. Shule zilikuwa zimefungwa. Wakamleta Doto, wakamvalisha gauni, wakala kiapo wote, kuanzia mpiga picha hadi mpishi.

"Na mimi kwa nini hukuniambia?" Nilikuwa nimesimama. Nina hasira za karibu, hilo silifichi.

"Kwa sababu wewe ndiye ulikuwa mtihani!" Akarudi nyuma hatua. "Nilijisemea, Jicho asipoona, hakuna binadamu atakayeona. Nikawa nakupigia, unasema hakuna tatizo. Nikalala usingizi kwa mara ya kwanza tangu ile ngazi. Kwani uliona tangu lini?"

"Tangu picha ya kwanza ya jikoni, wee mtu! Nilidhani napofuka! Nimekwenda kwa daktari! Nimegombana na fundi umeme!"

Tukatazamana. Mimi nilikuwa nimemficha yeye, yeye amenificha mimi, na kila mmoja alikuwa analala kwa uongo wa mwenzake, isipokuwa mimi nilikuwa silali. Nilitaka kumrushia kikombe. Badala yake nilianza kucheka, naye akacheka kwa woga, kisha kwa raha, mpaka tukashika mbavu. "Siri ya mtungi aijuaye kata," nikamwambia nikifuta machozi, "na leo Kata umetapika mtungi wote." Nikamwamuru awalete wale ndugu wawili, nami nikamtumia fundi umeme salamu za kumwomba msamaha.

Walikuja kesho yake, Kurwa akichechemea na fimbo, Doto akitembea kama anayekwenda kupiga penalti. Nikawaketisha chini ya taa moja, mikono mezani. Jamani, wamefanana kama shilingi kwa ya pili, sura, meno, hata namna ya kupiga chafya. Lakini ile mikono ilivyolala pale, nilitamani baba aione. Tofali na asali, vile vile nilivyokuwa nimezitenga picha.

Kata hakuweza kujizuia, akataka kunijaribu. Akawa anachagua picha bila mpangilio, mimi nataja. Kurwa. Doto. Doto. Kurwa. Mapacha wanaitikia, "Kweli! Kweli hiyo!" Ikaja picha ya muuza viatu amepiga goti anamfunga mteja kamba za kiatu.

"Doto," nikasema.

"Hapo umekosea," Kurwa akaruka. "Huyo ni mimi. Nakumbuka mpaka kile kiatu, kilikuwa kinanuka vibaya sana!"

"Ni yeye," Kata akasema. "Hata mimi nakumbuka."

Hofu ilinirudia, sikatai. Nikatazama tena, sikuangalia kipimo wala sikio wala saa, ngozi tu, pale shavu linapokutana na shingo. "Ni Doto," nikasema. "Kama si Doto, nafunga chumba hiki leo."

Doto alikuwa ameinamia skrini. "Dada, hebu tazama goti," akasema polepole. "Umekunja mguu wa kulia, umeukalia. Wewe mguu wa kulia si ulikuwa na plasta?"

Kurwa aliukodolea macho mguu ule. "Sasa mimi harufu ya kiatu nimeijuaje?"

"Nilikusimulia hospitalini. Tena nilikusimulia nikiziba pua!"

Wakaangukiana kwa kicheko. Sijui kama nimewahi kufurahi vile. Mwenyewe mwenye uso alikuwa amedanganywa na uso wake, na jicho langu halikudanganyika.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya ajabu, maana sasa ilinibidi nifiche kwa mikono yangu kitu nilichofurahi sana kukiona. Lakini ukishajua unapaka milango ya magari mawili, unajua pa kuanzia. Niliacha kuwalazimisha wote wafuate kielelezo kimoja. Nikawakutanisha njiani: tofali nikampunguzia wekundu kidogo, asali nikamwongezea, nikagusa shingo na viganja kimoja kimoja, nikauzika ule ukanda wa saa. Doto alikuja kutazama siku moja, akavuta kiti karibu na skrini.

"Kwa hiyo unanifuta, shoga?"

"Sikufuti. Nakuingiza ndani ya dada yako."

"Hapo sawa," akasema. "Nilishakaa naye tumboni, najua kubanana." Na Kata akamwahidi kumweka kwenye majina ya mwisho kama Mwalimu wa Mwendo, cheo ambacho hakipo popote duniani.

Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza mchana wa siku ya mapumziko, ukumbi umejaa. Nilimleta baba, nikamketisha kati yangu na mama mmoja mnene mwenye leso mkononi, ambaye hatujuani. Nilimwambia baba habari yote njiani, na nilimwambia pia kwamba kile kiapo bado kipo. Kule chumbani nilikuwa nimeshinda mbele ya watu watatu. Hapa palikuwa na mamia ya macho, yote yamekua yakitazama ngozi. Mmoja tu akigeuka kumuuliza mwenzake, "Huyu naye ana nini?" nimekwisha.

Dukani watu walicheka. Ikaja jikoni. Muuza viatu akageuzia kamera mgongo, akafungua bomba, kwa mbali. Ikaungwa picha ya karibu, tofali akatoka, asali akaingia, analia juu ya beseni la bluu. Sikutazama skrini hata kidogo. Nilikuwa natazama watu, safu kwa safu, nikitafuta kichwa kitakachogeuka.

Baba, ambaye mbele yake palikuwa na kivuli na mwanga tu, akainama upande wa pili.

"Samahani, mama," akamnong'oneza yule jirani. "Mimi sioni vizuri. Huyu anayelia ni yule yule wa dukani?"

"Mzee, we vipi?" Mama alikuwa na machozi mpaka kidevuni, na hakupenda kusumbuliwa. "Ni yule yule! Ni yeye huyo huyo tangu mwanzo! Hebu niache nilie."

"Ahsante, mama. Lia tu."

Baba akajirudisha kitini, akaupapasa mkono wangu gizani mpaka akaupata, akaushika kama alivyokuwa akiushika nilipokuwa nakoroga makopo yake.

"Basi kesho," akaniambia, "usichelewe kazini."